Kunguru Hajavuliwa Tandiko

Mlango wa kituo una sauti ya mwanamke mpole, na mimi mpaka leo sijui mlango unagombezwaje. Nimefika pale asubuhi, koti limelowa ukungu, naambiwa, "Karibu, mlezi. Ombi lako linashughulikiwa." Nikasema sijaomba kitu, nimemfuata farasi wangu, amekufa, yumo humo ndani. Ukanyamaza kidogo kama unafikiri, halafu ukasema ombi langu linashughulikiwa. Jana yake uliniambia hivyohivyo. Juzi yake pia. Sasa hapo mtu unagombana na nani? Ukiupiga teke unaumia mwenyewe, nimeshajaribu.

Nikakaa kwenye benchi la zege kumngoja Mshana, fundi wa kituo.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikianzia mlangoni mtu atasema huyu mzee mgomvi tu. Farasi mwenyewe alikuwa jike, mweusi tii, na shingoni amevaa weupe kama kola, ndiyo maana nikamwita Kunguru. Watu walinisema, jina la mkosi hilo. Lakini mtoto akishaitika ndio basi. Nilimlea kwa chupa, kwa sababu mama yake alikwenda na ile homa iliyofagia farasi wa ukanda huu wote. Na ile homa ndiyo iliyoleta sheria: farasi akifa hazikwi, anachomwa, tena kwenye tanuru la kituo, si kwingine. Mimi nilitaka alale kihambani, shamba langu la nyumbani, chini ya migomba, karibu na marehemu mke wangu, maana wale wawili walipendana kuliko mke wangu alivyonipenda mimi. Wakasema haiwezekani. Nikapiga kelele wee, nikachoka, nikakubali. Haya, achomwe. Ila achomwe mzima, kama alivyokuwa, nipewe majivu yake nikayaweke chini ya isale zangu, mmea wetu wa heshima na wa kuombea radhi.

Hilo neno mzima ndilo lililoleta ugomvi. Kwa sababu Kunguru alikuwa na punje.

Barabara za huku juu zilishakwenda na maporomoko, mwaka ule mvua ilipokataa kukatika. Vyombo vya kuruka navyo havifai, ukungu wetu unavimeza. Kimoja mpaka leo kimenasa juu ya mti kwa Ndekirwa, kuku wanalala humo. Ndipo shirika lenye kile kituo likaleta wachukuzi. Ni mashine za miguu minne, mgongoni zina kitanda cha mgonjwa, na mbele, pale ungetegemea kichwa, pana taa moja. Zilikuja zinajua kila kitu isipokuwa kutembea. Kwenye utelezi zilikuwa zinaanguka kama ng'ombe aliyekanyaga sabuni. Wataalamu wakakaa njiani kuangalia ni nani anapita pale bila kuanguka, wakaona ni Mzee Nderingo na farasi wake wanashusha maziwa. Mzee Nderingo ndiye mimi.

Basi wakampachika Kunguru kitu nyuma ya sikio, kidogo kama mbegu ya ulezi. Ndiyo punje hiyo. Mimi shule nilikaa kidogo sana, kwa hiyo nasema nilivyoelewa: punje ilikuwa inajifunza Kunguru. Anavyoweka mguu, anavyolionja jiwe kwa ukwato kabla hajaliamini, anavyoegemea upande wa mlima upepo ukija. Na wachukuzi walikuwa wanaisikiliza punje, wanatembea anavyotembea yeye. Toka siku hiyo hawajamwangusha mtu. Mgonjwa anashuka hospitali amelala na anapanda amelala.

Lakini hawakujifunza miguu tu, walijifunza na tabia. Huku kwetu msiba haupitwi. Ukiona moto wa magogo uani mchana, na wanaume wamekaa kuuzunguka, hata kama umebeba maziwa yanaganda, unashuka, unaingia, unatoa pole. Sasa Kunguru alikuwa ameshazoea. Akiona moto na watu, anasimama mwenyewe barabarani, anainamisha kichwa, ananingoja. Nikitoka namshika sikio, namwambia, "Pole imefika. Twende." Ndipo ananyanyua mguu. Basi wachukuzi nao wakawa hivyohivyo. Wakifika penye msiba wanasimama, wanainamisha ile taa. Wataalamu walihangaika, mara moshi unawaziba macho, mara joto. Niliwaambia ni adabu, wao wakaandika hitilafu. Wananchi hawakuwa na shida. Mgonjwa mwenyewe akiwa kitandani mgongoni anasema, "Pole imefika. Twende," safari inaendelea.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka Kunguru akaanguka kwenye kona ya mto na asiinuke.

Mshana alipofika kituoni tulianza na utani, maana yeye ni Mpare na mimi Mchaga, hatuwezi kusalimiana kama watu. Akaniuliza kama nimekuja kumpigia hesabu farasi. Nikamwambia nimekuja kuangalia kama Wapare hawajamla. Akacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi. Akakaa na mimi kwenye benchi.

Akanieleza. Mwili uko chumba cha barafu, haujaharibika. Tanuru liko tayari hata leo. Kinachongojwa ni dole gumba langu, kwa sababu sheria inamtambua mlezi. Nikikubali punje ibaki kazini, mwili unachomwa saa hiyohiyo, na napewa kile wanachokiita huduma za baadaye. Yaani majivu kwenye chombo kizuri, na kioo cha kutundika ukutani kinachomwonyesha Kunguru anakula majani, na kengele ya kuweka mlangoni inayolia kama kwato zake. Nikikataa, punje inarudishwa nyuma ya sikio na inaungua naye. Na wachukuzi wa mlima mzima wanasimama mpaka farasi mwingine afundishwe.

Nikamwuliza farasi mwingine yupi. Akasema si yupo mjukuu wake Kunguru, yule mdogo. Nikamwambia yule bado anaogopa kivuli chake mwenyewe. Kumfundisha njia zile si kazi ya msimu mmoja.

"Na punje mmeshaitoa?" nikamwuliza.

Akaangalia viatu vyake. Akasema sheria ya dharura ndivyo ilivyo, ilitolewa palepale alipoanguka, kulikuwa na wagonjwa njiani.

Yaani mimi nilikuwa sijamfumba macho, wao wameshamchokonoa sikio. Nilitamani kusema mambo, lakini Mshana ni mtoto wa watu na si yeye aliyetunga sheria. Nikamwambia anipeleke nikaione hiyo punje. Akasema hairuhusiwi. Nikamwambia basi dole gumba langu nalo haliruhusiwi. Akainuka.

Chumba chenyewe kilikuwa na baridi na kinanguruma. Punje iko kwenye chupa ya maji mazito, hata huioni vizuri, na juu yake kuna kioo kinachochora mstari wa kijani. Unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Mshana akaanza kunieleza mstari maana yake nini. Nikamwambia asijisumbue. Mtu niliyemfuata nyuma miaka yote ile ningeshindwaje kumjua? Ilikuwa hatua yake. Tena nikaona hapa mstari unajikwaa kidogo, unakwenda, unajikwaa tena. Mguu wa nyuma, wa kushoto. Hivyo ndivyo anavyotembea akiwa hoi, siku tukitoka mbali, kabla hatujafika nyumbani.

"Huyu amechoka," nikasema.

Mshana akasema punje haichoki.

Nikamwuliza wachukuzi wako wapi saa hizi. Akasema wako bandani, wanajazwa umeme. Sasa kama wachukuzi wamelala, huyu anatembea kwenda wapi? Akajikuna. Akasema farasi alipokuwa hai, punje ilikuwa inapumzika akipumzika, yeye ndiye aliyeishikilia. Sasa haina mwili wa kuishikilia. Inabidi irudie njia wakati wote, mchana na usiku, kupanda na kushuka, maana ikisimama inaweza isiwake tena. Hakuna aliyewahi kujaribu.

Nikamwambia, "Yaani tangu afe hajalala."

"Babu, hizi ni hesabu tu."

"Hesabu hazichechemei, baba."

Nikapiga mluzi, ule wa kumwita jioni, taratibu tu, hata sikukusudia. Ule mstari ukasita. Nakwambia ukasita, kama mtu anayegeuza shingo. Kisha ukaendelea. Mshana naye aliona. Akanishika mkono akanitoa nje, akaniomba nisirudie kufanya vile, anaweza kufukuzwa.

Mlango ukaniaga kwa upole. Ukasema wananijali.

*

Nyumbani nikamkuta Anasia amekaa kwenye kibaraza changu, anamenya ndizi zangu. Anasia ni jirani, mjane kama nilivyo mjane, na tumegombania mpaka wa kihamba tangu tuna meno yote. Figo zake zimechoka. Inabidi ashushwe hospitali kusafishwa damu, arudishwe, na baada ya siku chache ashushwe tena. Bila mchukuzi ni machela, na siku hizi wanaume wenye mabega huku juu unawahesabu kwa kuwatafuta.

Nikamweleza yote, na mstari, na kuchechemea. Alisikiliza huku anamenya. Nilipomaliza akasema nimefanya vizuri kuja kumwambia, maana alikuwa anasubiri kusikia kati yake na farasi nani mzito.

Nikamwambia hakuna aliyemwuliza.

Akasema hakuna anayemwuliza, ndiyo tatizo. Mlango unaniuliza mimi, Mshana ananiuliza mimi, na damu inayochafuka ni yake. Akanirushia ganda la ndizi. Halafu akatulia, na Anasia akitulia ndipo unatakiwa uogope.

"Meku, mimi naogopa," akasema, akiniita mzee kwa Kichaga. "Huo ndio ukweli. Sitaki ufikiri mimi ni jasiri. Lakini na wewe usinifanye mimi niwe sababu ya mnyama kutembea gizani bila kufika. Sitalala."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Ningekuwa najua ningekuwa nimekaa kwako?"

Akaondoka na ndizi.

Siku iliyofuata alishuka hospitali alfajiri na mchukuzi, kama kawaida. Mimi sikwenda kituoni. Nilikaa uani kama mzoga. Nilikuwa na hasira na mlango, na shirika, na Mshana, na mimi mwenyewe pia, na hata na Kunguru kwa kuwa mwalimu mzuri kiasi kile. Angekuwa farasi mjinga angekuwa majivu siku nyingi, amepumzika.

Jambo lingine lilikuwa linaniuma, nikiri tu: hakuna mtu aliyekuja. Mimi ambaye sijawahi kupita msiba wa mtu. Nilielewa, farasi si mtu, watu wanaona haya. Kanisani watasemaje? Lakini kuelewa hakuzuii kuuma.

Mchana ndipo nikamwona Ndekirwa, yule wa kuku hewani, anaingia na gogo begani. Akalitupa chini uani. Akaja mdogo wake na gogo lingine. Wakaja wengine, wanaume kwa wanawake. Mmoja akauliza kama tutaimba pambio au tutalia kama farasi. Ndekirwa akamwambia anyamaze, farasi yule alimpeleka mama wa huyo aliyeuliza hospitali akarudi na mdogo wake tumboni akiwa salama, au amesahau. Wakawasha moto. Mtu akaleta pombe ya mbege. Wakakaa kuuzunguka, na mimi katikati, na nikaambiwa pole moja moja kama mfiwa yeyote. Nilikuwa sijalia bado. Hapo nikalia.

Sikufikiria kabisa kwamba wachukuzi watapita.

Tukasikia kwanza miguu yao kwenye mawe ya kona. Wanne, wanapanda kutoka hospitali, kila mmoja na mgonjwa wake, ukungu umewafika magotini. Wa mbele akafika usawa wa lango langu, akaona moto, akasimama. Wa pili akasimama. Wote wakasimama mstari mmoja, wakainamisha taa.

Pale uani kila mtu akabaki ameshika alichokuwa ameshika, kikombe au kijiti.

Anasia alikuwa kwa wa pili, amejifunga kanga mpaka puani. Akasema maneno, "Pole imefika. Twende." Hakuna mguu ulionyanyuka. Akayasema tena kwa sauti. Wagonjwa wengine nao wakasema. Wapi. Mimi nilijua kwa nini. Hapa ni nyumbani. Kunguru hakuwahi kutolewa kwangu na mtu mwingine, hata mke wangu alimbembeleza kwa sukari akashindwa. Ananingoja mimi nitoke.

Mshana akatokea anakimbia, amepanda kutoka kituoni kwa miguu, anahema. Akaniambia mstari umesimama, yaani haupandi haushuki, unatetemeka tu, anaogopa utakatika. Akaniomba nifanye kitu.

Nikainuka nikaenda mpaka kwa yule wa mbele. Nikaitazama ile taa imeinama karibu na kifua changu, kwa adabu ileile. Ndipo likanijia jambo. Kunguru amekuja kunipa pole. Ameona moto kwangu, ameona watu, amejua Nderingo amefiwa, akasimama. Hajui amefiwa na nani. Hakuna aliyemwambia.

Na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia, lakini wagonjwa wako mgongoni na jua linakwenda. Niseme nini? Nikisema twende, atakwenda, na atakwenda milele, maana mimi ndiye nimemwambia. Nisiposema, Anasia atalala barabarani na baridi hii. Nikamtazama Anasia. Naye ananitazama.

Masikio hana yule mchukuzi. Nikashika ukingo wa taa.

"Pole imefika, mama," nikamwambia. "Wafikishe hawa. Halafu mimi nakuja kukuvua tandiko."

Akanyanyua mguu.

*

Nilibeba tandiko lenyewe, lile kuukuu, mpaka kituoni. Lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka. Jua lilikuwa linaingia. Mlango ukaanza habari zake za ombi, Mshana akaufungua kwa ufunguo wa mkononi, nikajua kumbe siku zote ufunguo upo.

Nikamweleza njiani ninachotaka. Jioni Kunguru hakuwa analala hivihivi. Alikuwa anangoja kwanza asikie mkanda wa tumbo unalegezwa. Ile buckle, kile chuma cha kufungia mkanda, ikilia, ngozi ikikwaruza, tandiko likitua kwenye gogo, ndipo anashusha pumzi na kukunja magoti. Bila hivyo anasimama usiku kucha kama mlinzi. Watu wa shirika wamemtoa sikioni, wakamtia chupani, wakampa kazi, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kumvua tandiko. Sasa atalalaje?

Mshana akasema, "Babu, ikizima ikikataa kuwaka, ndio mwisho wa wachukuzi. Mimi nitajibu nini?"

"Utajibu alilala."

"Asipoamka?"

"Hata wewe ukilala leo huna uhakika, baba. Lakini unalala."

Nikafikiri atanifukuza. Kisha akasogeza kile kinachosikia sauti, akakiweka karibu na mimi.

Wachukuzi wote walikuwa wamefika, wako bandani. Mstari ulikuwa unapanda na kushuka, unajikwaa, unapanda. Nikapiga mluzi ule wa jioni. Ukasita. Nikalegeza mkanda, tundu moja, halafu la pili, nikaiacha buckle ilie ilivyozoea kulia. Nikalivuta tandiko, nikaliweka kwenye meza ya chuma, ambayo haina mlio wa gogo, nikasikitika, lakini ndiyo iliyokuwepo.

"Haya, mama," nikasema. "Basi."

Mstari ukapungua. Haukukatika, ulipungua tu, kama moto unaofunikwa majivu, ukawa mdogo, ukawa mdogo zaidi, ukalala.

Mshana alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Nikampa dole gumba langu. Nikamwambia amwandikie mkubwa wake masharti yangu, na kama hayataki anirudishie dole langu. Kesho mwili wa Kunguru unachomwa. Kioo cha ukutani sikitaki, kengele sitaki, majivu tu. Punje ibaki, lakini kila jioni nitakuja kuivua tandiko na kila asubuhi nitaitandika. Yule mdogo nitamfundisha mwenyewe, na siku atakapoijua njia, punje inakuja kwangu, inalala kwenye majivu yake. Na ikiwa asubuhi haitaamka, basi haikuamka, hakuna wa kulaumiwa, tunarudi kwenye machela.

Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina.

*

Asubuhi nilishuka na tandiko mgongoni na majani ya isale mkononi. Usingizi sikupata. Nilikuwa nafikiria ile buckle: nitafunga mkanda, na aidha mstari utainuka au hautainuka, na kama hautainuka nitamwambiaje Anasia, ambaye jana hali yake haikuwa nzuri na daktari alimtaka arudi leo.

Nikamkuta yuko pale nje ya kituo. Amekaa kwenye machela, tena ile ya zamani ya miti miwili na ngozi, na Ndekirwa na wenzake wamesimama kuizunguka wakipasha mabega. Nikasema ngoja kwanza, bado sijajaribu kumwamsha, labda ataamka.

"Ataamka ndiyo," Anasia akasema. "Lakini leo usimwamshe."

Nikamwuliza kwa nini.

Akaniangalia kama mtu anayemweleza mtoto. "Leo si ndio anachomwa? Wewe uliona wapi mfiwa anakwenda kazini kabla hajazika? Mwache alale. Kesho utamtandika."

"Na kesho asipoamka?"

"Kesho ni ya kesho. Leo nibebeni, na wewe, Meku, shika mbele, uache kusimama kama mlango."

Mshana alikuwa amesikia. Akaingia ndani, na baada ya muda mlango ukasema, kwa sauti yake ile, kwamba ombi langu limekamilika. Mshana alipotoka nikampa yale majani ya isale ayaweke kifuani kwa Kunguru. Hakuuliza ni ya nini. Mpare anajua.

Tukainua machela. Bega langu lilipiga kelele, na Anasia akalalamika kwamba natembea vibaya kuliko mashine za mwanzo, kwamba farasi aliyenivumilia miaka yote ile alikuwa na huruma. Tukazunguka kituo kufuata njia ya chini, nyuma, penye tanuru. Moshi ulikuwa umeanza kutoka juu ya bomba, mweupe, unakwenda upande wa mlima.

Sikumwambia mtu asimame. Wala Ndekirwa hakusema. Miguu yetu tu ilisimama, wote kwa pamoja, vichwa tukaviinamisha. Tukakaa hivyo. Hatukujua tunangoja nini, na mabega yanawaka.

Huko juu mabegani kwetu Anasia akajikohoza.

"Pole imefika," akasema. "Twende."